Kona ya Yaya: Ukungu Uliouchagua Mwenyewe

Wadogo zangu wa Butembo na Beni, nanyi wa Oicha, Kyondo na Lubero, barua zenu za maswali ya picha zimemfikia yaya wenu.

Naanza na kijana wa Mulekera, kule Beni. Anafanya kazi kwenye studio ya baba yake mdogo: picha za pasipoti, ubatizo, arusi. Jioni moja mvua ilianza kunyesha, akatoka na kamera hadi mlangoni, akaisogeza huku shata ikiwa bado wazi, na miavuli ya Boulevard Nyamwisi ikatoka kama rangi zilizovutwa kwa brashi. Akaipenda picha ile. Baba mdogo akaitazama, akasema imeharibika, ifutwe. Wenzake wakasema lenzi imekufa. Anauliza: “Yaya, ni mimi nisiyejua kazi au ni wao wasioona?”

Mdogo wangu, baba yako mdogo anaijua kazi yake. Mteja aliyelipia picha ya pasipoti anataka masikio yake yote mawili yaonekane, na pesa ya mteja huyo ndiyo inayowalisha nyumbani. Msikilize na umheshimu. Lakini picha ile usiifute. Umeona kitu cha kweli, na kitu hicho kina historia ndefu kuliko studio zetu zote.

Tarehe 15 Aprili 1874, mjini Paris, wachoraji 30 hivi walifungua maonyesho yao wenyewe, wengi wao wakiwa wamechoka kukataliwa kwenye maonyesho rasmi ya serikali. Nyumba waliyoipata ilikuwa studio ya zamani ya mpiga picha, Nadar, katika barabara ya Boulevard des Capucines. Claude Monet alileta picha ya bandari ya Le Havre alfajiri: jua jekundu, moshi, maji, na mashua ambazo ni mipigo michache tu ya brashi. Alileta pia picha ya barabara hiyohiyo ya Boulevard des Capucines, na wapita njia wake wote ni madoa. Mwandishi Louis Leroy aliwafanyia mzaha gazetini, akawaita waimpreshonisti, na jina likabaki mpaka leo. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba watu wako wa Boulevard Nyamwisi wamekuwa madoa, ujue wewe si wa kwanza kuambiwa hivyo.

Na wadogo zangu wa kike wasikie: katika kundi lile la 1874 alikuwemo mwanamke, Berthe Morisot. Hakuweza kukaa mikahawani usiku kama wenzake wanaume, maana desturi za wakati wake hazikumruhusu mwanamke wa familia kufanya hivyo. Akachora yaliyokuwa nyumbani. Katika maonyesho yale alileta picha ya dada yake akimtazama mwanawe mchanga amelala. Nawajua wengi wenu ambao mama hawaruhusu mzunguke na kamera alfajiri, na kwa hali ya usalama tuliyo nayo mama wana haki. Nyumbani kuna mwanga wa kutosha kujifunzia.

Sasa, picha iliyoharibika na picha ya mtindo huu, yenye ukungu wa makusudi, zinatofautianaje? Kipimo changu ni kimoja: je, unaweza kuirudia? Kama mkono ulitetemeka na hujui picha ilitokeaje, bado ni bahati. Ukirudi kesho mvua ikinyesha, ukaweka kasi ileile ya shata, ukausogeza mkono vilevile, na ukaipata tena au hata nzuri zaidi, hapo ukungu wa picha ni wako. Umeuchagua mwenyewe. Kazi yote iko hapo, na inachukua muda.

Nieleze namna ya kuanza, kwa sababu wengi mmeuliza mambo ya mikono na vyombo.

Shata ndiyo mlango wa mwanga. Picha ya kawaida mchana hupigwa mlango ukiwa wazi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, 1/250 au pungufu, na kila kitu kinasimama. Ukiuacha wazi kwa 1/4, au 1/2, au sekunde nzima, chochote kinachosogea kinaacha njia yake kwenye picha. Na ukiisogeza kamera yenyewe, hata mti uliosimama utasogea. Wenye kamera, wekeni ISO 100, fungeni mwanya wa lenzi hadi f/16 au f/22, kisha mtafute mahali penye kivuli au siku ya mawingu mazito. Jua la saa sita mchana litawashinda, msipoteze nguvu nalo.

Sisi tunaishi karibu kabisa na Ikweta, inapita kusini kidogo ya Butembo. Jua letu linachomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na linazama upesi. Mwanga laini wa jioni haudumu hata nusu saa. Watu wa Ulaya wana jioni ndefu za kiangazi za kujaribia. Wewe uwe tayari kabla: mipangilio imewekwa, mahali pamechaguliwa, betri imejaa. Lakini tuna kitu ambacho wengi wangekitamani. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na asubuhi za mvua ukungu unalala mabondeni mpaka jua liupandishe. Ukishuka kilomita hamsini na kitu hadi Beni, joto linaongezeka, hewa inakuwa nzito, na siku ambayo mawingu yamefunguka unaiona Ruwenzori, mita 5,109 kwenda juu, kisha inafichwa tena. Hiyo ni miji miwili yenye mianga miwili. Mpiga picha wa Butembo asimwige wa Beni, kila mmoja asome mbingu yake.

Zoezi la kwanza ninalowapa wote ni mikaratusi. Milima inayoizunguka Butembo imejaa mikaratusi ya mbao na makaa, mirefu, imenyooka, magome yake meupe na ya kahawia. Simama mbele ya shamba la mikaratusi jioni, weka 1/4 ya sekunde, anza kushusha kamera polepole kutoka juu kwenda chini, bonyeza ukiwa tayari unashusha, na usisimamishe mkono mpaka shata imefunga. Wengi hukosea hapo: wanabonyeza kwanza ndipo wasogeze, na picha inatoka na mkwaruzo mwanzoni. Mashina yatageuka mistari mirefu ya rangi, na majani yatakuwa kama moshi wa kijani. Piga nyingi. Kati ya zote itabaki moja, na hiyo moja itakufundisha kuliko maneno yangu.

Zoezi la pili ni chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Msubiri anayeshuka mteremko na magunia yake, mfuate kwa kamera kwa mwendo wake, kwa 1/15 au hata 1/8. Ukilingana naye, yeye na mti wa chukudu yake watabaki wanaonekana, na barabara nzima nyuma yake itayeyuka. Pikipiki ni rahisi zaidi kwa 1/30, kwa sababu zina kasi. Simama pembeni kabisa ya barabara, na mtu mwingine akulindie mgongo. Nimeona vijana wanarudi nyuma hadi katikati ya njia jicho likiwa kwenye kamera, na madereva wetu mnawajua.

Msichana wa Vulamba, Butembo, ananiambia hana kamera, ana simu tu, na kila akijaribu simu inamrudishia picha wazi. Hilo lina sababu. Simu za sasa hupiga picha kadhaa kwa mkupuo mmoja na kuziunganisha ili kuondoa mtikisiko. Simu imefundishwa kukukatalia ukungu. Ingia kwenye hali ya mipangilio ya mkono, ile ambayo simu nyingi zinaiita Pro, uweke ISO ya chini kabisa na shata ya 1/4. Kama simu yako haina, programu ya Open Camera ni ya bure na inatoa mipangilio hiyo kwenye simu nyingi za Android. Zima pia kizuia mtikisiko kama kinazimika. Tatizo litakalobaki ni mwanga, kwa sababu mwanya wa lenzi ya simu nyingi haufungwi. Jioni, weka kioo cha miwani ya jua mbele ya lenzi, kinapunguza mwanga kiasi. Kwa mchana kinahitajika kioo kizito zaidi, na mafundi wa kuchomelea vyuma wanacho: kile kioo cheusi cha kukinga macho. Kitaitia picha rangi ya kijani, basi uigeuze nyeusi na nyeupe. Usilitazame jua kupitia kamera hata siku moja, hata ukiwa na kioo.

Huyohuyo wa Vulamba anauliza swali jingine, na hili nalijibu kwa nguvu. Anasema kuna programu ambazo ukibonyeza mara moja zinageuza picha yoyote iwe kama imechorwa na Monet. Kwa nini ahangaike na mvua?

Kwa sababu programu ile haikuwepo mvua ilipokuwa inanyesha. Inaupaka uso wa bibi yako, ng'ombe na ukuta wa kanisa kwa brashi ileile, kwa unene uleule, bila kujua kipi ulikipenda. Monet alikodi chumba mbele ya kanisa kuu la Rouen mwaka 1892 na tena 1893, akalichora kanisa hilohilo zaidi ya mara 30: asubuhi, adhuhuri, ukungu, jua kali. Alikuwa na turubai nyingi kwa wakati mmoja, na mwanga ukibadilika anaweka moja chini anachukua nyingine. Kilichokuwa kinamshughulisha ni saa ile, na saa ile hakuna kitufe kitakachokuletea. Tumia programu kusawazisha rangi, tumia Snapseed kuweka picha moja juu ya nyingine, ni kazi halali. Mwanga uende ukauchukue mwenyewe.

Na usiende mbali. Chagua kitu kimoja unachokiona kutoka uani kwenu: migomba, paa la jirani, mlima wa ng'ambo, njia inayoshuka Kimemi. Kipige saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa kumi jioni, kabla ya mvua na baada ya mvua. Kwa mdogo wangu ambaye hawezi kutoka alfajiri kwa sababu ya usalama, ushauri huu unatosha mwaka mzima.

Kuna Mkongo mmoja ambaye nataka wote mmjue. Aliitwa Kiripi Katembo, na jina la Katembo halihitaji maelezo Butembo. Alizaliwa Goma mwaka 1979, akasomea uchoraji katika Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, kisha akashika kamera na kutengeneza pia filamu. Kinshasa alikuta shida mnayoijua: watu hawapendi kupigwa picha barabarani. Wanauliza unampigia nani, unakwenda kuziuza wapi, umelipwa pesa ngapi. Na wana haki ya kuuliza. Katembo akainamisha kamera chini, kwenye madimbwi yanayobaki baada ya mvua. Ndani ya maji kulikuwa na mji wote: wapita njia, magari, kuta, mawingu. Akapiga taswira iliyomo majini, halafu akaigeuza picha juu chini, ili watu wasimame wima tena.

Tazameni kilichotokea. Mawe na takataka za ukingoni zikaonekana kama zinaelea angani. Watu wakatikisika kwa sababu maji yanatikisika. Nyuso zikafifia, na mtu aliyeogopa kupigwa picha hakuibiwa uso wake. Na ule uchafu wa barabara usiokuwa na mfereji ukabaki palepale kwenye picha, mbele ya macho ya kila mtu, lakini sasa unautazama kwa muda mrefu kwa sababu picha inakuvuta. Mfululizo ule aliuita “Un regard”. Picha yake ilitumika kwenye bango la tamasha la Avignon, Ufaransa, mwaka 2013, na mwaka 2015 kazi zake zilikuwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo kwenye Fondation Cartier. Maonyesho hayo yakiwa bado yanaendelea, Agosti 2015, alifariki Kinshasa kwa malaria. Alikuwa na miaka 36.

Huyu hakuwa na chombo cha ajabu. Alikuwa na barabara mbovu na mvua, na vyote viwili tunavyo. Kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, Butembo nzima ina madimbwi. Chuchumaa, lenzi karibu kabisa na maji, lenga kilichomo ndani ya maji na si ukingo. Subiri mtu apite. Usimwige Katembo mpaka picha iwe yake. Jifunze kwake jinsi ya kutafuta njia pale watu wanapokukatalia, kisha utafute ya kwako. Labda kwako ni kioo cha duka chenye jasho, au nailoni ya kibanda sokoni jua likiipenya, au vumbi jekundu la kiangazi lori linapopita.

Soko lenyewe lina zoezi lake. Urusi, mjini Saint Petersburg, kati ya 1992 na 1994, mpiga picha Alexey Titarenko aliweka kamera mahali penye msongamano na kuiacha shata wazi kwa muda mrefu. Ilikuwa baada ya Muungano wa Sovieti kuvunjika, watu wana njaa na wanakimbilia huku na kule. Umati ukatoka kama moshi unaopanda ngazi, na mkono mmoja mmoja ukabaki umeshika chuma cha ngazi. Jaribu soko kuu la Butembo kwa sekunde moja au mbili, kamera ikiwa imetulia juu ya meza. Wanunuzi watayeyuka wote. Atakayebaki ni mama aliyekaa na nyanya zake, kwa sababu ndiye peke yake ambaye hasogei. Ila umwombe mama huyo kwanza. Mweleze unachofanya, mwonyeshe, na ukiipata picha, ichapishe umpelekee. Mama wa soko wana kumbukumbu. Ukimletea mmoja picha yake, safari ijayo meza kumi zitakukaribisha.

Sasa nafika kwenye barua iliyonikalisha. Ameandika mwalimu wa Beni. Anasema: “Yaya, tangu Oktoba 2014 tunazika watu. Tumepita Ebola, tumepita mambo ambayo siwezi kuyaandika. Kuifanya Beni iwe ukungu mzuri, si kuuficha ukweli?”

Mwalimu, asante. Nimelisoma swali lako mara nyingi, na jibu langu lina pande ambazo sitaki kuzichanganya.

Upande wa kwanza: ndiyo, kuna mahali ambapo mtindo huu haufai, na ni lazima kusema waziwazi. Msiba haupigwi kwa mtindo. Aliyejeruhiwa hapigwi kwa mtindo. Nyumba iliyochomwa, kama una sababu ya kuipiga, ipige wazi, andika tarehe na mahali, uihifadhi, kwa sababu siku moja inaweza kuwa ushahidi, na ushahidi wenye ukungu hausaidii mtu. Na kabla ya yote haya, wadogo zangu wote wenye kamera au simu: mpigeni mama yenu picha ya wazi. Na baba, na bibi, na wadogo zenu. Uso mzima, macho yanaonekana, mwanga wa mlangoni, hakuna ujanja wowote. Ichapisheni kwenye karatasi, maana simu zinaibwa na zinaungua. Kuna familia ngapi hapa ambazo zilipofiwa zilitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza zikakuta kadi ya uchaguzi tu? Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, walikufa zaidi ya watu 2,200, na wengine walizikwa ndugu zao wakiwa mbali nyuma ya uzio. Picha ya wazi ya mtu unayempenda ni deni. Lilipe kwanza, ndipo uende kwenye mikaratusi.

Upande wa pili: picha za wazi za Beni dunia inazo. Ukitafuta jina la mji wako unaletewa magari ya kijeshi, majeneza na watu waliovaa mavazi meupe ya Ebola. Ni kweli yote, na waandishi waliozipiga walifanya kazi yao, wengine kwa hatari kubwa. Lakini aliyezaliwa Bungulu anajua pia harufu ya kakao ikikauka juu ya turubai, na rangi ya barabara baada ya mvua, na jinsi watoto wa shule wanavyojaa njia saa ya kutoka, sare zao zikiwa kama maji yanayoteremka. Hayo nayo ni kweli, na hakuna atakayekuja kuyapiga kwa niaba yako.

Mgeni mmoja alijaribu njia yake: mpiga picha Richard Mosse wa Ireland alikuja Kivu kuanzia mwaka 2010 na filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome, ambayo jeshi lilikuwa linaitumia kugundua wanaojificha porini, kwa sababu majani mabichi yanatoka mekundu na ya waridi huku kitambaa cha kijani hakibadiliki hivyo. Milima yetu yote ikawa ya waridi, na wapiganaji wamesimama ndani yake. Kazi yake, “The Enclave”, iliiwakilisha Ireland kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2013, na watu wengi wa nje waliitazama Kongo mashariki kwa mara ya kwanza kupitia rangi ile. Alitaka kuwaamsha waliozoea kutotazama, naona alichokusudia. Lakini mimi nikiiangalia naona mlima wa mgeni. Ni nguvu ya vita anayoitafuta, na watu wa kule wamekuwa sehemu ya rangi yake. Mtoto wa Beni akiupiga mlima huohuo na ukungu wake halisi wa asubuhi, kijani chake halisi, atakuwa anasema jambo ambalo Mosse hakuweza kulisema, kwa sababu mtoto huyo analima pale.

Kwa hiyo, mwalimu, mtindo huu hauufichi ukweli ukiwa umeshalipa deni la picha ya wazi. Unaongeza sehemu ya ukweli iliyokuwa inakosekana.

Na usalama, nasema upesi lakini kwa msisitizo. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi. Hupigi picha kizuizi, askari, kambi, gari la jeshi, wala uwanja wa ndege wa Mavivi, wazi au kwa ukungu. Mtu aliyesimama muda mrefu na kamera juu ya miguu mitatu wakati giza linaingia anatia watu wasiwasi. Mwambie kwanza shefu wa avenyu au wa kartie, beba kadi yako, nenda na mwenzako, na ukiambiwa ondoka, ondoka bila kubishana. Hakuna picha ya mikaratusi inayostahili usiku mmoja rumande.

Kijana wa Mulekera, narudi kwako, maana najua mazungumzo na baba mdogo bado yanakusubiri. Usijaribie kwa pesa ya mteja. Kwenye arusi, piga kwanza zote ambazo familia inazitaka, wazi kabisa: bibi arusi, bwana arusi, wazazi, keki, mahari. Muziki ukishapamba moto, weka 1/8 ya sekunde na uipange flashi ipige mwishoni, kabla tu shata haijafunga; kamera nyingi zina mpangilio huo. Flashi itaushika uso wa bibi arusi uwe wazi, na mwendo wa dansi utabaki nyuma yake kama utepe wa rangi. Mpe kama zawadi, usiitoze. Baba mdogo ataona watu wanaichagua wao wenyewe kwenye albamu, na huo ndio ubishi pekee atakaousikia.

Kuuza picha za mandhari ni polepole, nisikudanganye. Ila zina faida moja: kwa kuwa hazitegemei ukali wa kila unywele, hata picha ya simu inaweza kukuzwa zaidi ya kawaida bila kuonekana mbovu. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa, weka fremu ya mbao ya fundi wa mtaani, uanze na chache. Hoteli na ofisi za Butembo zina kuta zilizojaa kalenda za kutoka Guangzhou na maporomoko ya maji ya nchi ambazo hakuna aliyefika. Mwonyeshe mwenye hoteli mlima anaouona kila siku dirishani mwake.

Mtakaoniandikia mwezi ujao, tumeni picha mbili mbili: moja ya wazi ya mtu wa nyumbani kwenu, na moja ya ukungu ya mahali mnapopapenda. Ya ukungu muiandikie nyuma mahali, saa na kasi ya shata, ili mwingine aweze kujaribu. Picha za askari na za wafiwa sizipokei.